Miche inaliwa usiku: dawa ya kupulizia, ya chenga, au majivu?

Bustani_Luiche: Habari za jioni wakuu. Nipo Ujiji, nalima bonde la Luiche. Miche yangu inaliwa usiku, mchana sioni kitu. Jumamosi nahamisha mingine kutoka kitaluni, na kesho naenda duka la pembejeo. Nichukue dawa ya kupulizia, ya chenga ya kuweka ardhini, au majivu yanatosha? Hela ni ya kitu kimoja tu.

Kasulu_Shambani: Konokono hao mkuu. Zungushia majivu, imeisha.

MamaMboga_Tabora: Miche ya nini? Imetobolewa majani au imekatwa? Usiposema, kila mtu atakutajia dawa ya shida yake.

Mzee_wa_Ipuli: Kijana, duka lisubiri. Konokono hutoboa majani na kuacha ute unaong'aa ukikauka. Nyenje hukata na kuburuta hadi shimoni kwake. Mchwa huanzia chini, mche ukanyauka. Sota, yule kiwavi wa nondo, hukata shina usawa wa ardhi, mara nyingi mche unaukuta umelala palepale. Wako yupi?

Bustani_Luiche: Shikamoo mzee. Ni nyanya. Nilipanda 60, leo asubuhi 23 imelala. Majani bado mabichi, shina limekatwa kama kwa ukucha. Ute sikuuona.

Mzee_wa_Ipuli: Marahaba. Kesho alfajiri fukua kando ya mche ulioanguka, kina cha vidole viwili.

Urambo_Kwetu: Kabla hujashauriwa tumbaku, nisikilize. Huku tumbaku haikosekani, jirani akaniambia niloweke majani usiku kucha, nichuje, ninyunyizie. Nikafanya kwa mikono mitupu. Jioni ile kichwa kiliuma, nikatapika, mke wangu akaniwekea maji kichwani hadi saa nne. Ile ni sumu, inapenya kwenye ngozi. Hayo yalipita. Wiki chache baadaye majani ya nyanya yakaanza mabaka ya kijani kibichi na kijani hafifu, yakajikunja, matunda machache. Bwana shamba alipokuja akauliza swali moja tu: "Ulishika tumbaku?" Virusi vya batobato vya tumbaku vinahamia kwenye nyanya na hoho, na havina dawa. Niling'oa tuta zima nikachoma. Hata anayevuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche.

Kasulu_Shambani: Pole sana ndugu. Lakini mwarobaini hauna shida hiyo.

Urambo_Kwetu: Mwarobaini sijaukataa. Nasema tumbaku.

Bustani_Luiche: Nimefukua miche sita, wanne nimewapata. Wana rangi ya udongo, wanene, wanateleza kama wamepakwa mawese. Ukimgusa anajikunja duara.

MamaMboga_Tabora: Sota. Shamba ulilisafisha lini?

Bustani_Luiche: Siku mbili kabla ya kupanda. Majani yalikuwa yanafika magotini.

MamaMboga_Tabora: Hapo ndipo ulipowakaribisha mwanangu. Nondo wao hutaga kwenye magugu. Ukifyeka leo ukapanda keshokutwa, viwavi wana njaa na kilichobaki ni nyanya yako. Ahirisha Jumamosi. Tifua, acha ardhi tupu wiki mbili, achia kuku wapekue.

Fundi_Mwanga: Kuku watapekua na miche iliyobaki! Apulizie tu, lakini jioni, kwenye shina na udongo wake. Wanaopulizia saa sita mchana wanamwaga dawa bure, sota yuko chini amelala.

Kasulu_Shambani: Bata ni bora kuliko kuku.

MamaMboga_Tabora: Bata anakanyaga matuta. Nimewafuga, najua.

Mzee_wa_Ipuli: Mimi dawa naiweka mwisho. Kata karatasi ngumu au chupa ya maji, mzungushie kila mche, izame vidole viwili, juu ibaki vitatu. Usiku ingia na tochi, okota. Majivu yanasaidia hadi mvua ya kwanza tu.

Fundi_Mwanga: Kwa miche 60 sawa mzee. Kwa mia nne?

Bustani_Luiche: Ya kuhamisha ni 380. Na wiki mbili siwezi, kitaluni imesharefuka, inaanza kulala. Jana usiku nimeokota 31 kwa tochi. Nimekusanya chupa 140. Iliyobaki nafikiria kupulizia jioni kama alivyosema Fundi, au pumba na sukari iliyochanganywa dawa. Nani amewahi kutumia pumba?

MamaMboga_Tabora: Ukiweka pumba yenye dawa, kuku wafungie. Wa jirani pia. Mwambie jirani kabla.

Kasulu_Shambani: Bata hawezi kula pumba?

Fundi_Mwanga: Anakula sana tu. Wafunge wote.