Uume umepinda kwa sababu ya kovu: nifanyiwe upasuaji sasa au nisubiri?

Mkazi wa Ngamiani:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 47, nina mke na watoto, naishi Ngamiani hapa Tanga, na ni mgonjwa wa kisukari. Miezi minane iliyopita nilianza kupata maumivu kila uume uliposimama, kisha nikapapasa kitu kigumu upande wa juu, na baada ya wiki chache uume ukaanza kupinda kuelekea tumboni. Maumivu yamekwisha mwezi uliopita, lakini tendo la ndoa limekuwa gumu hata mimi na mke wangu tunakwepana. Daktari amenitajia upasuaji wa kukaza kwa nyuzi na ule wa kuweka kiraka. Je, niukimbilie sasa? Na ni kweli kwamba uume hufupika?

Muuguzi Mstaafu:
Wa alaykum salaam, ndugu yangu, na pole sana. Unayoyaeleza yanafanana na ugonjwa wa Peyronie, uliopewa jina la mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1743. Nautaja mwaka huo kwa sababu wanaume wengi niliowahudumia walidhani wamerogwa, au kwamba hakuna mwingine aliyewahi kupatwa. Si saratani wala hauambukizwi. Ndani ya uume kuna utando mgumu unaozunguka sehemu zinazojaa damu, na kovu likiota kwenye utando huo, upande wenye kovu haunyooki wakati upande wa pili unatanuka, ndipo uume unapinda.

Kwa hiyo usikimbilie kisu. Kovu changa hubadilika, na ukikatwa leo unaweza kupinda tena kesho. Madaktari wengi husubiri kama miezi 12 tangu dalili zianze, na angalau miezi mitatu ambayo hakuna maumivu wala mabadiliko. Piga picha uume ukiwa umesimama, kutoka juu na kutoka ubavuni, mara moja kila mwezi, ili daktari apime digrii za kupinda badala ya kukisia.

Kuhusu kiraka: kovu hupasuliwa na nafasi yake huzibwa, kwa mfano kwa kipande cha mshipa wa damu kutoka mguuni. Njia hii hutumika zaidi pale kupinda kunapozidi digrii 60, na huokoa urefu, ila inaweza kupunguza nguvu za kusimama. Wewe una kisukari, ambacho chenyewe hudhoofisha nguvu hizo, basi swali la kwanza kwa daktari liwe hilo. Mwanaume ambaye uume wake hausimami hata kwa dawa huwekewa kipandikizi, yaani kifaa kinachowekwa ndani ya uume, ambacho hunyoosha na kusimamisha kwa pamoja.

Mkazi wa Pongwe:
Mimi nilikazwa kwa nyuzi. Wakati wa upasuaji daktari aliingiza maji ya chumvi ili uume usimame, akaona mahali unapopinda, kisha akashona upande ulio mkabala na kovu. Ni kweli, kaka, ulifupika, kwangu kama sentimita mbili, na vifundo vya nyuzi navihisi hadi leo nikipapasa. Nilikaa wiki sita bila tendo la ndoa. Uchungu wangu ni kwamba hakuna aliyeniambia habari ya kufupika kabla ya kusaini fomu, nami nikamficha mke wangu. Miezi ile ilitutesa kuliko kidonda. Nenda naye kliniki.

Mzee wa Chumbageni:
Mwanangu, usipake mafuta ya mitaani na usijaribu kuunyoosha kwa nguvu, kwa maana jeraha jipya huzaa kovu jipya.

Muuguzi Mstaafu:
Mzee amesema kweli. Hata vidonge vya vitamini E, ambavyo watu wamevitumia kwa miaka mingi, havijathibitika kunyoosha.

Mkazi wa Ngamiani:
Nawashukuru sana. Jana usiku nilimwonyesha mke wangu majibu haya, akalia, kisha akaniambia alidhani nimepata mwanamke mwingine. Tutakwenda pamoja hospitali ya Bombo kuomba rufaa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, iwe hospitali ya KCMC kule Moshi au Muhimbili kule Dar es Salaam, nikiwa na picha za kila mwezi na vipimo vyangu vya sukari. Upasuaji nitauzungumzia miezi minne ijayo, kama hakuna kitakachobadilika.