Kujitolea mtaani: watu wamechoka au wamechoshwa?

Mleta mada:
Wakuu, Jumamosi ya mwisho wa mwezi bodaboda yenye kipaza sauti ilipita tangu saa kumi na mbili asubuhi: usafi wa mtaro. Tulitokea watu 11, wawili kati yao wapiga picha. Wenye maduka walifunga kwa kuogopa faini, wakakaa barazani kututazama. Jumanne kukawa na msiba nyumba ya tatu. Kabla ya adhuhuri turubai limesimama, masufuria yamefika, vijana wako makaburini wanachimba, na hakuna aliyewatuma. Watu wale wale!

Mimi naona tatizo ni daftari. Msibani rambirambi husomwa mbele ya watu, hata elfu mbili ya bibi inatajwa. Mchango wa mtaro wa mwaka jana hatujasomewa mpaka leo. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Msibani mtu anaenda kwa sababu na yeye atafiwa. Hiyo ni akiba, mkuu, siyo kujitolea. Rwanda umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, ni sheria, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia miaka 18 hadi 65, na usafi wa Kigali mnausifia wenyewe. Faini zikazwe.

Mchangiaji wa pili:
Faini tena? Shule ya kata ya kwetu mama yangu kaibebea mchanga kwa ndoo kichwani. Ikaja 2016, elimu bila ada mpaka kidato cha nne, watu wakaelewa kila kitu bure. Leo mkuu wa shule akiitisha kikao cha kuchimba choo anaulizwa hela ya serikali iko wapi. Siwalaumu.

Mchangiaji wa tatu:
Mimi mpangaji, mwaka wa nne sasa. Nikinyoosha mkono kikaoni naulizwa "wewe mwenyeji?" Basi mwenyeji aje azibue.

Mleta mada:
Wa kwanza, kwenye akiba umenipata. Ila nani anaweka akiba asikooneshwa salio? Na huko Rwanda, kazi ikiisha watu wanakaa kikao, wanajadili mambo yao. Sisi tumeona faini tu, kikao hatukukiona.

Mpangaji, hilo lako nitalisema kwa mwenyekiti, japo maji yakijaa yanaanzia chumbani kwako. Na aliyeazima koleo langu Jumamosi alirudishe, lile la mpini mwekundu.