Galileo hakuchomwa moto, jamani! Mnatuchosha

Wakuu, uvumilivu umenishinda. Ukianza tu mjadala wa dini na sayansi, hazipiti komenti tatu kabla mjuaji mmoja hajashusha lake: "Kanisa lilimchoma Galileo kwa kusema dunia ni duara." Basi, watu wanamgongea like mpaka basi. Sentensi moja, uongo mara mbili!

Uduara wa dunia wasomi wa Kanisa walikuwa wakiufundisha karne nyingi kabla Galileo, yule mtaalamu wa nyota wa Italia, hajazaliwa. Ugomvi wake na Kanisa ulikuwa iwapo dunia inalizunguka jua. Na aliyechomwa ni mwanafalsafa Giordano Bruno, pale Roma, Februari 1600, tena mashtaka yake mengi yalikuwa ya imani: Utatu, uungu wa Kristo na mengineyo. (Kumchoma mtu kwa hayo nako ni unyama, sibishi.) Galileo alikufa mwaka 1642 nyumbani kwake Arcetri, karibu na Florence, kipofu, ana miaka 77.

Copernicus mnamfahamu? Alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la Frombork, Poland. Kitabu chake cha 1543, kinachosema dunia inalizunguka jua, alimtunukia Papa Paulo III, na kilisomwa miaka 73 ndipo Roma ikakisimamisha, 1616, mpaka kisahihishwe. Mwaka 1611 Wajesuiti wa Roma, watawa wasomi wa Kanisa, walielekeza darubini zao angani, wakakiri kwamba miezi ya sayari ya Mshtarii aliyoiona Galileo ipo kweli. Hayo hamyaweki kwenye video zenu.

Na nyie watetezi wa Kanisa mnaochekelea hapo, msidhani nimewasahau. Wimbo wenu ni kwamba Galileo alikuwa na kiburi na hakuwa na ushahidi. Ni kweli, hoja yake kwamba maji ya bahari hupwa na kujaa kwa sababu dunia inakwenda ilikuwa mbovu, na ule ushahidi uliotakiwa, yaani nyota kuonekana zikisogea kidogo dunia inapolizunguka jua, ulipimwa mwaka 1838, na mtaalamu wa nyota Bessel. Ni kweli pia kwamba katika kitabu chake cha 1632 hoja aliyoipenda Papa Urbano VIII, rafiki yake wa zamani, aliiweka mdomoni mwa Simplicio, yule mhusika anayeshindwa kila mjadala. Sasa ndiyo nini? Kukosa ushahidi ni jinai tangu lini? Mzee wa miaka 69 anapigishwa magoti mbele ya makadinali, anakana alichoamini, anafungiwa nyumbani mpaka kifo, kitabu kinapigwa marufuku. Orodha ya vitabu haramu iliendelea kukitaja mpaka toleo la 1835 lilipokiondoa. Halafu mnatuambia zilikuwa tofauti ndogo tu za kibinadamu?

Hukumu ya tarehe 22 Juni 1633 ipo, inasomeka: kifungo, na zaburi 7 za toba kila wiki kwa miaka 3. Anayeshikilia kwamba alichomwa ailete hapa, atuonyeshe mstari unaotaja kuni. Na anayesema hakuonewa, atueleze zile zaburi zilikuwa za nini.