MREJESHO: Tofauti ya masaa na matembezi ya Paris
Wakuu nimerudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza nifanyeje safari yangu ya kwanza Ulaya, siku 5 Paris, tofauti ya masaa 6 na huku ninakoishi, nisije nikazimalizia kitandani.

Asanteni sana aisee. Nilifuata ule ushauri wa kutolala siku ya kwanza, nimetua Jumatatu asubuhi nikaacha begi hotelini nikatoka juani, nikatembea tu kando ya mto Seine mpaka bustani ya Tuileries, nimekaa kwenye kile kiti cha chuma cha kijani macho yanafunga yenyewe lakini nikakaza mpaka saa tatu usiku ndo nikalala, na nililala kweli. Na aliyesema jumba la makumbusho la Louvre linafungwa Jumanne Mungu ambariki, maana ndo siku niliyokuwa nimeipanga, nikahamishia Jumatano asubuhi.

Kilichofeli ni hiyo Jumanne. Mlisema usingizi wa mchana usizidi dakika 20, mi sikutega alamu, nimekuja kushtuka giza limeshaingia na muda wa tiketi yangu ya lifti ya mnara wa Eiffel umepita, hela imeenda. Iliniuma sana. Usiku saa tisa niko macho kodo. Kesho yake mchana baada ya Louvre nikapanda kwa ngazi, 674 hadi ghorofa ya pili, miguu inatetemeka ila nilichokiona kule juu sitakisahau.

Siku ya nne mwili ukakaa sawa. Kahawa nilikata kuanzia saa nane mchana kama dada mmoja alivyoshauri, imenisaidia mno. Vidonge vya melatonini (homoni ya usingizi) sikutumia kwa hiyo siwezi kuvisemea.