Sahihi za kivuko: gumzo la "Wana wa Busisi", ukoo wa Busisi, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria

*Jumapili*

[07:12] Baba Mdogo Busisi: Mwangaluka nyote. Jana jioni tulikaa chini ya ule mwembe wa gatini, watu kama arobaini. Tumekubaliana kuandika barua. Kivuko kimoja kibaki kwa waenda kwa miguu na wenye baiskeli, na gati lisitelekezwe. Karatasi ya sahihi ninayo mimi. Ukoo huu uanze.

[07:15] Dogo Malimbe: Mwangaluka baba. Niko ndani 💪🏾

[07:15] Dogo Malimbe: ila tufanye na ya mtandaoni

[07:21] Shangazi Samaki: Kaka niandike mimi wa kwanza. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe ile tarehe 19 Juni 2025 karai langu linapoa hadi mafuta yanaganda. Zamani basi likifika abiria wote wanashushwa, wanapanda kivuko kwa miguu. Hapo ndipo ilipokuwa pesa. Mtu anasubiri, njaa inamuuma, anamwona sato anageuka rangi mbele ya macho yake. Atakosaje kununua? Leo basi linapita kule juu, dirisha limefungwa, hata kunipungia mkono hakuna.

[07:40] Kaka Fuso: Shikamoo baba mdogo, shikamoo shangazi. Niseme ukweli msinione msaliti. Juzi nimetoka Geita na mzigo, darajani dakika nne hazikufika tano. Kilomita tatu! Kabla ya hapo nimelala Busisi usiku mara ngapi, nimekunja miguu ndani ya kibanda cha fuso? Na yale magugumaji ya mwanzoni mwa 2025 mmeshayasahau? Kivuko kimenasa kama nzi kwenye uji.

[07:44] Baba Mdogo Busisi: Marahaba. Hakuna anayelipinga daraja. Mimi mwenyewe siku ya ufunguzi nilikuwepo, nimeunguzwa na jua toka asubuhi nimwone Rais. Lakini daraja ni la magurudumu. Njia ya miguu ipo, sikatai. Haya, mama mwenye beseni la dagaa kichwani, umpe kilomita tatu za daraja na barabara ya kuingilia juu yake, aende na kurudi. Akipanda bodaboda faida yote ya dagaa anaila bodaboda.

[07:46] Shangazi Samaki: Sema kaka

[08:03] Dogo Malimbe: Vyombo vya zamani vinahuishwa jamani. Meli ya MV Victoria ilitengenezwa Scotland, ikaletwa vipandevipande ikaungwa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Ilisimama 2014 watu wakasema basi tena. 2020 ikarudi majini, inakwenda Bukoba hadi leo. Na meli ya Liemba ya Kigoma ni ya 1913! Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, 1927 ikarudi kazini

[08:10] Kaka Fuso: Umesoma dogo, hongera. Ila Victoria inalala njiani na abiria na mikungu ya ndizi, ina kazi. Kivuko chini ya daraja kina kazi gani?

[08:12] Dogo Malimbe: Kiwe makumbusho. Picha za zamani, mgahawa juu, watalii wanapiga picha na daraja nyuma yao

[08:13] Shangazi Samaki: Makumbusho nitayakaanga?

[08:13] Kaka Fuso: 😂😂😂

[08:15] Baba Mdogo Busisi: Nawatumia rasimu ya barua. "Sisi wakazi wa Busisi tunaomba ihifadhiwe huduma hii kongwe iliyotuunganisha kwa upendo vizazi na vizazi…" Inaendelea. Someni, kisha kila mtu atume jina kamili.

[12:31] Mama Pendo: Nimetoka kanisani nakuta ujumbe kibao. Nimesoma wote mpaka hilo neno upendo.

[12:36] Mama Pendo: Wengine mlikuwa wadogo, wengine mmesahau. Mimba ya mdogo wake Pendo ilinibadilikia usiku, nikiwa Sengerema. Nikapewa rufaa hospitali ya Bugando, Mwanza. Gari la wagonjwa limefika Busisi, kivuko kiko ng'ambo, upepo umechafuka. Nililala ubavu nikitazama nje ya kioo, nikahesabu taa za Kigongo. Zilikuwa saba. Nilizihesabu mpaka moja ikazimwa. Tulipovuka mtoto alikuwa ametulia tumboni, na sikumsikia tena.

[12:37] Mama Pendo: Siku napita darajani mara ya kwanza nililia ndani ya hiace, konda akadhani nimeibiwa. Barua ya upendo mimi siiwekei sahihi. Samahanini.

[12:58] Baba Mdogo Busisi: _Ujumbe huu umefutwa_

[13:05] Shangazi Samaki: Pole wifi yangu. Asubuhi ile ni mimi niliyekufunika khanga pale gatini. Sijasahau.

[13:22] Baba Mdogo Busisi: Mama Pendo nisamehe. Hilo neno nililiweka mimi, niliona barua inapendeza. Nimefunga kamba pale miaka kumi na tisa na usiku wa namna ile haukuwa mmoja. Tulikuwa tunasikia honi ya gari la wagonjwa toka ng'ambo na chombo hakiwezi kuondoka. Unakaa juu ya mlango, unavuta sigara, huna la kufanya.

[13:30] Kaka Fuso: Na kuna la usalama. Mnataka chombo, na siku za gulio kitajaa. Tarehe 20 Septemba 2018 ilikuwa siku ya gulio pale Bugolora. Kivuko cha MV Nyerere cha watu 101 kilibeba zaidi ya mara mbili, kikapinduka kimebakiza kidogo tu kufika kisiwa cha Ukara. Waliokufa ni zaidi ya 220. Na bado sijasema meli ya MV Bukoba iliyozama 1996, makaburi yako Igoma kila mtu anayajua.

[13:41] Baba Mdogo Busisi: Unachosema ni kweli, na nikueleze kitu ambacho wa nchi kavu hawakioni. Chombo kikikaribia gati kila mtu anataka awe wa kwanza kushuka. Wanasogea wote mlangoni na mizigo yao. Uzito unahamia upande mmoja kwa mara moja. Kama umejaza, hakuna nahodha wa kukuokoa hapo. Kwa hiyo idadi ikitimia geti lifungwe, hata aliyebaki nje awe mkwe wangu.

[13:43] Shangazi Samaki: Mkweo utamfungia kweli? 😂

[13:44] Baba Mdogo Busisi: Huyo ndiye wa kwanza

[14:10] Mjukuu kwa Bibi: Bibi nimemsomea yote. Anasema nyie mnagombania kivuko, wao walivuka kwa mtumbwi na hawakuweka sahihi popote. Anasema pia andikeni la Mama Pendo, msilifiche. Halafu anauliza Jumapili atavukaje kwenda kumwona dada yake Kigongo, nani atambeba mgongoni juu ya daraja

[14:12] Kaka Fuso: Bibi nitakuja kukuchukua na fuso

[14:14] Mjukuu kwa Bibi: Anasema hapandi gari lenye ngazi

[14:30] Kaka Fuso: Haya sikilizeni. Mkitaka sahihi ya madereva, ombeni na maegesho ya malori upande wa Busisi, na mabasi yawe na kituo hapo. Mtu ametoka Geita usiku anatafuta choo na chai. Tutashuka tule. Vibanda vya kina mama vihamie hapo.

[14:31] Shangazi Samaki: Mwanangu hilo liwe la kwanza!! Kivuko kifuate

[15:47] Baba Mdogo Busisi: Nimeandika upya. "Sisi wakazi wa Busisi tunashukuru kupata daraja. Kivuko kilitulisha miaka mingi, na wapo tuliowapoteza tukikisubiri. Tunaomba maegesho na kituo cha mabasi upande wetu, penye nafasi ya wafanyabiashara wadogo. Tunaomba siku za gulio chombo kimoja cha waenda kwa miguu, chenye maboya ya kila abiria na idadi isiyozidishwa. Tunaomba gati la zamani lisivunjwe."

[15:49] Dogo Malimbe: Na makumbusho?

[15:50] Baba Mdogo Busisi: Wewe andika yako pembeni, nitaibana na pini.

[16:20] Mama Pendo: Hiyo nitaweka. Ila mniandike jina langu la ubatizo, msiandike Mama Pendo.

[16:21] Baba Mdogo Busisi: Asante mwanangu.

[19:06] Kaka Fuso: Kesho napita kama saa nne asubuhi. Nipeni karatasi moja niipeleke kwa madereva wa Misungwi.

[19:07] Baba Mdogo Busisi: Tutakuwa gatini.

[19:07] Kaka Fuso: Baba mimi napita juu, gatini siku hizi siteremki

[19:09] Shangazi Samaki: Nimekuwekea sato wawili

[19:09] Kaka Fuso: Nakata kona