Nika alikuwemo tangu chapta ya kwanza, au Oda alimchomekea baadaye?

Mpiga Makasia
Wakuu, nauliza kwa nia njema. Machi 2022, chapta ya 1044 ya One Piece, katuni ya maharamia ya Mjapani Oda, Wazee Watano, wakuu wa Serikali ya Dunia, wanasema tunda la nguvu za ajabu alilokula shujaa Luffy si Gomu Gomu, la mpira, bali ni Hito Hito, aina ya Nika, mungu wa jua. Serikali ya Dunia ndiyo iliyolibadilisha jina ili lisahaulike. Mimi nasema limechomekewa. Wanadai wamelisaka miaka 800 likiwaponyoka. Sasa Luffy kawekewa dau la kukamatwa la milioni 30 tangu East Blue, bahari alikoanzia, kaingia Enies Lobby, ngome yao wenyewe, kavutika mpira hadharani Marineford, makao ya jeshi la majini, dunia ikitazama. Kote huko hakuna ofisa aliyeuliza habari ya lile tunda. Naomba jibu la hilo, lisiwe "Oda hupanga kila kitu".

Bi Ohara
Hilo neno "kuchomekea" limenikera. Kubadilisha jina ndiyo silaha ya Serikali tangu mwanzo wa hadithi, halikuanza 2022. Rudi chapta ya 154, Daktari Kureha anapomtaja Roger, mfalme wa maharamia. Dunia nzima inamwita Gold Roger. Kwa katakana, herufi za sauti za Kijapani, "Goorudo" huandikwa go, mstari wa kurefusha sauti, ru, kisha do. Ondoa ile do ya mwisho, weka herufi D peke yake katikati, unapata Gol D. Roger. D imemezwa ndani ya jina. Mtu wa ukoo wa D, ambao mhusika Corazon anasema huitwa adui wa miungu, kageuka mtu wa dhahabu tu, na hakuna aliyeshtuka. Tunda limefanyiwa vilevile.

Na hesabu zinakubali. Who's-Who, aliyekuwa mlinzi wa tunda hilo, anasema liliibwa na haramia Shanks miaka 12 iliyopita. Luffy alilila akiwa na miaka 7, sasa ana 19. Oda hakurupuki. Hata uraia wa mabaharia wa meli ya Luffy aliutaja, juzuu ya 56, kwenye maswali ya wasomaji: Luffy angekuwa Mbrazili, Zoro Mjapani, Nami Mswidi, Sanji Mfaransa, Chopper Mkanada, Robin Mrusi, Franky Mmarekani, Brook wa Austria, Usopp wa Afrika.

Kijana wa Forodhani
Simama hapo hapo, dada. Wanane wana nchi, wa tisa kapewa bara. Huo ndio mpango? Mtu anayechora Poneglyph, jiwe la maandishi ya kale, herufi moja moja ameshindwa kuchagua kati ya Ghana, Kenya na Msumbiji? Na anayepewa ni nani? Mwongo, mwoga, mwenye pua ndefu.

Bi Ohara
Nilitoa mfano wa mpangilio, kaka, usinilishe maneno. Isitoshe lilikuwa swali la msomaji, siyo sehemu ya hadithi.

Mzee wa Juzuu
Kijana, jina lenyewe linakujibu. Neno "uso" kwa Kijapani ni uongo. Isoppu ndivyo Wajapani wanavyomwita Esopo, mtunga hekaya za wanyama wa Ugiriki ya kale. Ziunganishe, unapata Usopp. Ndiyo maana kila asubuhi kijijini anapiga kelele "maharamia wanakuja!", na siku wanapokuja kweli, kundi la Kuro, hakuna anayemwamini. Ni ile hekaya ya mchungaji na mbwa mwitu. Sasa, yupo mtawa wa Bizanti, Planudes, aliyeandika kwamba Esopo alikuwa mtu mweusi wa Ethiopia, akalihusisha jina la Esopo na neno la Kigiriki la Mwethiopia. Ukifuata uzi huo, Afrika haikuokotwa jalalani.

Kijana wa Forodhani
Planudes aliishi karne ya 13, Esopo karne ya 6 kabla ya Kristo. Tofauti hiyo ni zaidi ya miaka 1,800. Hata Karne Tupu, ile iliyofutwa kwenye historia ya hadithi, iko karibu zaidi na Luffy! Na kama ni Ethiopia, si angesema Ethiopia?

Mzee wa Juzuu
Sikusema Planudes ana hakika. Nimesema mapokeo hayo yapo, na mtu anayechezea jina la Esopo anaweza kuwa aliyakuta.

Nahodha Msaidizi
Narudi kwa Mpiga Makasia, maana swali lake zuri limeachwa. Tazama chapta za 1017 na 1018. Who's-Who alikuwa CP9, kikosi cha siri cha Serikali. Alikuwa akilinda lile tunda kwenye meli ya Serikali, likaibwa, akafungwa. Lakini anasema hakujua kwa nini lilipewa uzito ule. Habari za Nika alizisikia gerezani kwa mlinzi, na mlinzi huyo akatoweka. Ukishaficha jina ili kitu kisahaulike, huwezi tena kusambaza amri ya kukitafuta, maana kila ofisa atakayeisoma atauliza kwa nini tunda la mpira linatafutwa na Wazee Watano. Siri imebaki kwa watu watano na yule aliye juu yao. Jeshi la majini linamwona kijana wa mpira, basi.

Samaki wa Dhahabu
Watu wanamwonea Usopp bila kusoma. Kwenye nadharia za siri za hadithi hii yeye ndiye ushahidi mkubwa: uongo wake hutimia. Alimsimulia rafiki yake Kaya habari za samaki wa dhahabu mkubwa ajabu, ambaye kinyesi chake alikidhania ardhi. Kwenye kisiwa cha Little Garden samaki huyo anatokea, anaimeza meli nzima, na wanatoka majitu Dorry na Brogy wanapompasua tumbo. Alijiita Usoland mbele ya Watontatta, watu wadogo sana, akaishia kuitwa Mungu Usopp na dau la milioni 200. Mungu! Kabla ya Luffy kujulikana kuwa Nika, mtu wa Afrika alishaitwa mungu.

Kijana wa Forodhani
Hapo umenigusa, nakubali. Ila nadharia ya uongo kutimia ina tundu: mnahesabu zilizotimia tu. Alidai ana wafuasi 8,000. Wako wapi?

Samaki wa Dhahabu
Hadithi haijaisha. Amefika Elbaf, nchi ya majitu aliyoiota tangu alipokutana na Dorry na Brogy.

Mpiga Makasia
Nahodha amesema jambo la maana na hakuna aliyemjibu. Nami sijaridhika kabisa. Kama lilifichwa mpaka kwa wabebaji, mbona lilipewa ulinzi wa CP9? Ulinzi mkubwa wenyewe ni tangazo.

Bi Ohara
Kwa sababu tunda lililoponyoka miaka 800 huwezi kulifunga kwenye gunia la viazi. Na ongeza hili: nika kwa Kijapani ni neno la kuigiza tabasamu pana, la meno yote. Luffy ametabasamu hivyo tangu 1997.

Mfasiri wa Usiku
Polepole na herufi, dada, zilishatuchoma. Kijapani hakitenganishi R na L, kwa hiyo "Rafuteru", kisiwa cha mwisho cha safari, tuliiandika Raftel miaka mingi. Watu wakapangua herufi, wakageuza nyuma mbele, wakajenga nadharia juu ya tahajia ambayo Oda hakuwahi kuiandika. 2019 ikajulikana kuwa ni Laugh Tale, kisha chapta ya 967 ikaonyesha kwa nini: Roger na wenzake walifika pale wakacheka. Ushauri wangu kwa kila mwenye nadharia ya jina: tafuta kana zake kwanza, yaani herufi za sauti, soma kwa sauti, halafu angalia kanji, herufi za maana, iliyo chini ya kana. Poneglyph, kwa mfano, kanji zake zinasema "matini ya historia". Kazi ya jiwe imeandikwa pale pale, wala huhitaji kupangua kitu.

Mzee wa Juzuu
Na kwa hoja hiyo Usopp ni Isoppu. Kana zinaonekana.

Kijana wa Forodhani
Isoppu nimekubali, mzee. Bara zima ndilo nalokataa.

Nahodha Msaidizi
Tuliache bara. Mwanasayansi Vegapunk kasema bahari ilipanda mita 200 ndani ya Karne Tupu, na baada ya ufalme wa Lulusia kufutwa imepanda mita 1 nyingine. Kisiwa cha Watu-Samaki kiko mita 10,000 chini, Mary Geoise, makao ya Serikali, juu yake. Joy Boy, mtu wa Karne Tupu, aliacha jiwe la kuomba radhi kwa binti mfalme wa bahari kwa ahadi aliyoshindwa kuitimiza, na meli Noah bado inasubiri. Kama Nika alichomekewa 2022, je, ahadi ile nayo ilichomekewa? Iko tangu safari ya Kisiwa cha Watu-Samaki.

Mpiga Makasia
Joy Boy sijamkataa. Nimemkataa Nika. Ni nani aliyesema Nika na Joy Boy ni mtu mmoja kabla ya chapta ya 1044?

Samaki wa Dhahabu
Zunesha, yule tembo mkubwa, katika 1043. Na Zunesha hasemi uongo, tofauti na ndugu yetu Usopp.

Kijana wa Forodhani
Mmeanza tena.