Prosesa mpya inajizima hovyo, ramu inagoma: tupeane uzoefu tuliowahi kulia na kompyuta mpya

Kijana wa Tandika
Wakuu heshima kwenu. Leo sijalala. Nimejibana mwaka mzima nikaunga kompyuta mpya, prosesa imefunguliwa boksi mbele ya macho yangu. Wiki ya kwanza raha mustarehe. Nikaona GB 32 hazinitoshi, nikarudi Kariakoo nikaongeza vijiti viwili vya ramu vya aina ileile, vikawa vinne, GB 64. DDR5 (ramu ya kizazi cha tano), boksi limeandikwa spidi 6000. Nikaingia bayosi (ile menyu ya mipangilio ya mazabodi), nikawasha profaili ya spidi kama kawaida.

Tangu siku hiyo ni msiba. Skrini ya bluu leo inasema memori, kesho inasema kitu kingine kabisa. Cha ajabu, gemu nzito nacheza saa mbili bila tatizo, lakini nikiiacha imekaa tu nikaenda kula, narudi nakuta imejizima na kuwaka yenyewe kama imepandisha maruhani. Windows nimepiga upya mara tatu. Muuzaji anasema prosesa ikishatoka boksini hairudi.

Kabla sijaenda kutoana macho na mtu dukani, waliowahi kuteswa na prosesa mpya au kucheza na spidi ya ramu waje. Ilikuwaje, na mlitokea wapi?

Mla Mihogo
Ngoja waje wajuzi. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Fundi Raba
Toa vijiti vyote, futa meno kwa raba ya penseli, rudisha. Ramu nyingi zinazoletwa kwangu ni uchafu tu. Hela ya soda utanitumia.

Bint Raha Leo
@Fundi Raba ramu ya wiki mbili imepata wapi uchafu? Hizo za kusugua kwa raba ni kompyuta za ofisi zilizolala na vumbi miaka kumi.

Fundi Raba
Dada, unyevu wa Dar unaujua?

Bint Raha Leo
Mie nipo Unguja, kaka. Unyevu utanifunza wewe?

Mswahili wa Maskati
Umenikumbusha aibu yangu. Mara ya kwanza kuunga mashine ya DDR5 nikawasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi tii. Nikasubiri nusu dakika, nikazima. Nikawasha tena, nikazima. Nikafanya hivyo siku mbili, mke wangu akaanza kunisomea dua. Nikaipeleka kwa fundi wa Kihindi hapa Ruwi. Akaiwasha, akaenda kunywa chai. Aliporudi ikawa imewaka. Kumbe mara ya kwanza mazabodi inaipima ramu yenyewe, inajaribu mipangilio mpaka ipate inayokubali, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Mimi kila nikizima naianzisha upya. Nililipa riali tano za chai yake.

Mla Mihogo
😂😂 Riali tano kumwangalia mtu anakunywa chai.

Sifuri Makosa
@Kijana wa Tandika jibu kwanza maswali mawili. Vile vijiti vinne ni seti moja, au seti mbili zilizonunuliwa siku tofauti? Na ukiacha hiyo profaili, umegusa kingine chochote bayosi? Sema ukweli.

Jamaa wa Luthuli
Hii ni kizazi cha 13 ama 14 ya Intel bila shaka. Rudisha hiyo kitu, bana. Wenyewe walikubali mwaka wa 2024 kwamba prosesa ilikuwa inaitisha volti kubwa kuliko inavyofaa, wakatoa maikrokodi (apdeti ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa nane, halafu 0x12B mwezi wa tisa, na warantii wakaongeza miaka miwili. Na apdeti inakinga ile nzima tu. Iliyokwisha kuumia haiponi.

Kijana wa Tandika
@Jamaa wa Luthuli yangu si hiyo mkuu, na kampuni siitaji maana sijajua nani mwenye kosa.
@Sifuri Makosa ni seti mbili, zimepishana wiki. Na... niliona video moja, jamaa anasema shusha volti ya prosesa kwa hasi 30 kwenye kila koo (core, zile bongo ndogo ndani ya prosesa), joto linashuka. Nikashusha. Joto lilishuka kweli.

Sifuri Makosa
Haya, mchawi wa kwanza huyo. Prosesa ikifanya kazi nzito koo zote huwa zimepungua spidi, zinavumilia volti ndogo. Ikikaa kimya, koo moja inaruka juu ghafla kuhudumia kitu kidogo, na hapo ndipo volti uliyoipunguza inapokosekana. Ndiyo maana gemu linapita, ugali haupiti. Fungua daftari la matukio la Windows (Event Viewer) utafute WHEA, yaani ripoti za makosa ya vifaa. Ukiiona imetaja koo ileile kila mara, umempata. Ile namba 41 ya Kernel-Power usihangaike nayo, inakwambia tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga.

Mzee wa Gemu
Mnamtisha kijana. Hiyo profaili ya spidi ya ramu, XMP au EXPO, si ovakloku (kukimbiza kifaa zaidi ya spidi kilichopangiwa), ni spidi iliyoandikwa kwenye boksi. Ameilipia, aitumie.

Sifuri Makosa
Boksi la ramu ndilo limeandikwa 6000, la prosesa je? DDR5 ya kawaida inaanzia 4800 kwa volti 1.1. Hizo profaili za 6000 nyingi zinataka 1.35. Prosesa za Ryzen 7000 kwa mfano, AMD wenyewe wameandika 5200 kwa vijiti viwili na 3600 kwa vinne. Juu ya hapo unabahatisha, na kwenye karatasi ya warantii hiyo inahesabiwa ovakloku.

Mzee wa Gemu
Mimi nina vinne, 6000, mwaka wa pili huu. Haijawahi kukohoa.

Bint Raha Leo
Umewahi kuipima hata usiku mmoja?

Mzee wa Gemu
Nipime nini kitu kizima?

Mpiga Video wa Tanga
Hapo kwenye "nipime nini kitu kizima" ndipo ulipozama mtumbwi wangu. Sikutaka kuandika ila ngoja.

Mwaka 2022. Napiga harusi, sendofu, maulidi, chochote. Nilikuwa na DDR4 ya 3200, nikaipeleka 3600, volti nikaisogeza mpaka 1.45. Ikawaka! Nikacheza gemu dakika kumi, poa. Nikajiita injinia.

Picha linaanza. Jumamosi napiga harusi kubwa hapa mjini, familia ya watu wazito. Babu wa bibi harusi kashushwa kutoka Lushoto, mzee wa miaka themanini na ushee, kaomba dua ya dakika sita ukumbi mzima kimya, wamama wanalia. Usiku nikamwaga kadi zote kwenye kompyuta, nikanakili kwenye diski mbili, maana mimi ni mtu makini. Jumapili nina kazi Korogwe, kadi nikazifuta nikaondoka nazo.

Jumatatu nafungua. Faili la kwanza poa. La pili katikati mabaka ya kijani, uso wa bwana harusi umekatika kama mkate wa kumimina. La dua ya babu halifunguki kabisa. Diski ya pili, vilevile.

Nachaji simu, narudi.

Mla Mihogo
WEWE RUDI HAPA

Jamaa wa Luthuli
Kumbe nimeshika mdomo hapa ofisini.

Mzee wa Gemu
Chai hiyo. Ramu inaharibuje faili la diski?

Bint Raha Leo
Faili linaruka hewani kutoka kadi kwenda diski? Linapita kwenye ramu. Biti moja ikigeuka pale, kinachoandikwa ni kile kilichogeuka, na Windows haisemi neno.

Mzee wa Gemu
DDR5 ina ECC ndani yake, inajisahihisha makosa.

Sifuri Makosa
Ile inalinda ndani ya chipu tu. Data ikishatoka kwenye kijiti kuelekea prosesa haina mlinzi. Na yeye alikuwa na DDR4, soma vizuri.

Kijana wa Tandika
Jamani na mimi nimo? Uzi ni wangu.

Mla Mihogo
Subiri kwanza babu wa Lushoto.

Mpiga Video wa Tanga
Nimerudi. Nikalaumu kadi. Nikanunua kadi mpya, laki na ushee. Kazi iliyofuata mabaka tena. Nikalaumu kamera. Kilichonifumbua macho ni faili la zipu: nilikuwa nalifungua linakataa, linasema kosa la CRC, yaani hesabu ya kukagua faili haikubali. Narudia, linakataa sehemu nyingine. Narudia, linafunguka! Faili bovu linakuwa bovu palepale siku zote. Hili lilikuwa linahama.

Nikaweka MemTest86+, programu ya kupima ramu, kwenye fleshi, nikawasha nayo. Haikufika dakika saba, skrini nyekundu. Nikarudisha 3200, nikaiacha usiku mzima: sifuri. Diski zangu mbili zote zilikuwa zimekunywa maji ya kisima kimoja.

Shangazi wa Arusha
Pole sana mwanangu. Mimi yangu fupi: nafasi mbili za ramu zilikuwa hazisomi kabisa, tukabadilisha ramu, tukabadilisha mazabodi. Kijana mmoja akalegeza skrubu za feni ya prosesa zikarudi. Ilikuwa imekazwa kama nati ya gurudumu.

Fundi Raba
Na bayosi mpya muweke jamani. Baadhi ya zile Ryzen 7000 zenye X3D ziliungua Aprili 2023, dawa yake ilikuja kwa bayosi, volti ya SoC (sehemu ya prosesa inayoongea na ramu) ikafungwa isivuke 1.3. Mazabodi nyingine ukiwasha profaili ilikuwa inajipandishia yenyewe.

Bint Raha Leo
Leo Fundi Raba umesema la maana bila raba.

Fundi Raba
Umeme wa kwake pia apime. Kama hana stabilaiza tunapoteza muda hapa.

Jamaa wa Luthuli
Stabilaiza haigeuzi biti, fundi.

Sifuri Makosa
@Kijana wa Tandika kitu kimoja kimoja. Rudisha bayosi ilivyotoka kiwandani. Ikigoma kuwaka chomoa umeme, toa ile betri ya duara dakika chache. Bakiza vijiti viwili, nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Pima usiku. Kisha washa profaili peke yake, pima. Kisha badilisha ile jozi nyingine. Na kazi yoyote ya maana uliyonakili wiki hizi, ikague sasa hivi ungali na asili yake.

Mzee wa Gemu
Au ongeza volti kidogo tu, 1.4, imalize.

Mpiga Video wa Tanga
Mzee wa Gemu wewe ndiye uliyetengeneza ile video niliyoangalia?

Kijana wa Tandika
MREJESHO, siku ya nne.
Nilipoondoa ile hasi 30, kujizima kukaisha siku hiyohiyo. Skrini za bluu zikabaki. Jozi ya kwanza peke yake, 6000, usiku mzima, sifuri. Jozi ya pili peke yake, sifuri. Zote nne kwa 6000, makosa 41 ndani ya nusu saa. Zote nne kwa 3600, sifuri. Prosesa nzima, ramu nzima, muuzaji hana kosa. Nilikuwa nimeshamwandikia ujumbe mbaya, nimeufuta, sijui kama aliusoma.

Sifuri Makosa
Ziliwekwa tiki mbili za bluu?

Kijana wa Tandika
...ndiyo.

Shangazi wa Arusha
Nenda na soda.

Mla Mihogo
Sasa @Mpiga Video wa Tanga, hukumalizia. Dua ya babu?

Mpiga Video wa Tanga
Nilikwenda kwa mama wa bibi harusi mwenyewe. Nikaeleza yote, prosesa, ramu, 3200, 3600. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, na ulikuwa unawahi wapi?" Sikuwa na jibu. Tukapita WhatsApp ya ukoo mzima, tukapata vipande vya simu, dakika nne kati ya sita, moja imepigwa na mtoto, inaonyesha kanzu tu. Sauti ipo lakini. Nusu ya hela niliirudisha.

Kijana wa Tandika
Nauza vijiti viwili, DDR5, GB 32 jumla, vimepimwa. Nipo Tandika.

Mzee wa Gemu
Bei? Nataka nifikishe sita.

Bint Raha Leo
Una nafasi nne, mzee.